Mhariri, namba moja ya mafuta haitoshi, tupeni zote tatu

Kwa Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu hapa Nakuru, gazeti nanunua nikiwa na pesa na nisipokuwa nazo nalisoma kwa kinyozi, kwa hivyo msidhani nimekuja kuwatusi. Lakini kuna kitu kwa habari zenu za mafuta ya petroli kinanikera tangu zamani na sasa hizi stori zimerudi kwa kasi, tangu kampuni ya mafuta ya Tullow iuzie Gulf Energy mali yake ya Turkana mwaka wa 2025, naona heri niseme. Kila mkiandika juu ya mafuta mnatupa namba moja. Kuna mapipa milioni kadhaa, kwisha. Alafu kando mnaweka mchoro, ziwa jeusi limetulia chini ya ardhi na bomba limeingia katikati. Hilo ziwa halipo, Mhariri. Halipo Turkana, halipo Saudia, halipo popote duniani. Mafuta yanakaa ndani ya jiwe, kwa vitundu ambavyo vingi huwezi hata kuviona kwa macho.

Nimefanya kazi kwa rigi, zile mashine za kutoboa visima, lakini za mvuke huku Bonde la Ufa, za mafuta sijawahi. Lakini tulikuwa na jamaa wametoka kwa mafuta ya Uarabuni, na zile saa ndefu za usiku mnangoja mabomba yatolewe chini ndo mbadilishe biti, ile meno ya kukata jiwe, hawa walikuwa wanapiga stori, na karibu stori zao zote za kuumiza kichwa zilikuwa za chokaa, yaani mawe ya chokaa. Tangu hapo nikaanza kusoma mwenyewe na sijaacha.

Lakini kwanza Turkana, manake hiyo kila mtu anaijua. Machi 2012 Rais Kibaki alitangaza mafuta yamepatikana kisima cha Ngamia 1, nchi nzima ikachangamka. Januari 2018 Tullow ikatoa makadirio ya Lokichar Kusini, na hawakutoa namba moja, walitoa tatu: mapipa milioni 240 ukihesabu kwa uoga, milioni 560 katikati, na milioni 1,230 kama kila kitu kitakubali. Angalia huo upana jameni, ya juu ni mara tano ya ile ya chini! Muulize mtu yeyote kwa stage hapa ni gani anakumbuka, kama anakumbuka yoyote ni ile ya katikati. Mwaka 2021 hesabu ikarudiwa wakasema ndani ya mwamba kuna kama bilioni 2.85, na yale yanatarajiwa kutoka kwa miaka yote ya mradi ni milioni 585. Yaani moja ya tano. Zile nne zingine zinabaki huko chini. Sasa gazeti likiandika bilioni mbili na nukta kadhaa na lingine liandike milioni 585, msomaji anaona kuna mtu anadanganya, kumbe wote wako sawa ila hakuna aliyesema anahesabu nini.

Na hapo bado tunaongea mchanga. Miamba ya Lokichar ni jiwe la mchanga uliobebwa na mito na kumwagwa kwa maziwa ya zamani, na kwa wataalamu hiyo ndo darasa rahisi. Mto una tabia zake, ukishajua ulikuwa unatiririka upande gani unaweza kubahatisha mchanga mzuri uko wapi. Chokaa ndo shule yenyewe.

Chokaa nyingi haikubebwa kutoka mbali. Imeota pale pale. Ni matumbawe, magamba ya konokono wa baharini, mwani, vidudu vidogo vya bahari vinakufa na kurundikana miaka na miaka mpaka vinakuwa jiwe. Watu wa Pwani hamna haja ya kuambiwa, Fort Jesus imejengwa kwa mawe ya matumbawe na simenti ya Bamburi imetoka kwa matumbawe hayo hayo ya kale. (Chokaa ya Koru huku karibu na Muhoroni ni hadithi nyingine kabisa, ile asili yake ni volkano, msinichanganyie.) Sasa kwa vile imeota, inafuata mambo ya viumbe. Tumbawe linataka mwanga na maji safi ya moto kiasi, kwa hivyo hapa mwamba unapanda, mita mia tano mbele hakuna kitu ni matope tu. Bahari ikishuka mwamba unabaki nje, mvua inaunyeshea, na maji ya mvua yana asidi kidogo kwa sababu ya hewa ya kaboni, basi yanakula jiwe, yanatoboa mashimo mpaka mapango kama yale ya Shimoni. Bahari ikirudi juu mashimo mengine yanazibwa na mengine yanabaki. Alafu ardhi inasukumwa, jiwe linapasuka nyufa. Alafu maji yenye magnesi yanapita yanageuza chokaa kuwa jiwe lingine linaitwa dolomaiti na vitundu vinabadilika tena. Yote hayo yakishafanyika ndo mafuta yanakuja kuingia, na miaka milioni kadhaa baadaye ndo mwanadamu anakuja na mashine yake akitaka kujua nani anakaa wapi.

Ndo maana kwa chokaa ukiambiwa jiwe lina nafasi nyingi ndani usifurahi haraka. Fikiria ploti ya kule Kaptembwo yenye vyumba hamsini lakini fundi alisahau kuweka milango. Vyumba viko, wapangaji wako ndani, lakini nani atatoka? Na kuna ploti ingine ina vyumba vinane tu lakini korido ni pana inapitisha mkokoteni, hiyo inamwaga watu nje dakika moja. Kwa mchanga, mara nyingi vyumba vikiongezeka na milango inaongezeka. Kwa chokaa hizo mbili zinaweza zisijuane hata kidogo, na zote mbili unazipata kwa kisima kimoja, mita chache kati yao.

Mtasema sasa hii inatuhusu nini sisi wa Nakuru na Kisumu. Inatuhusu kwa tenki. Tangu 2023 serikali inanunua mafuta kwa mkopo kupitia Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, yanashuka Mombasa yanapanda kwa bomba mpaka hapa Nakuru, Eldoret na Kisumu, na mafuta ghafi ya Ghuba, yale yanasafishwa kupata hayo ya tenki, kwa sehemu kubwa yametoka kwa chokaa. Inakadiriwa zaidi ya nusu ya mafuta yaliyobaki duniani yako kwa miamba ya aina hii. Kule Ghawar, Saudia, iligunduliwa 1948 na hakuna kubwa kuliko hiyo, urefu wake ni kama kilomita 280, yaani ukiweka mguu mmoja Nairobi na upime kama ndege anavyoruka, mwingine unapita Kisumu mjini unaendelea. Ile yote ni chokaa ya bahari ya zamani za Jurasiki. Na hata hao wenye pesa zote hizo na wataalamu wote hao chokaa iliwachezea. Waliingiza maji kutoka pembeni ili yasukume mafuta kuelekea visima, mpango mzuri kabisa kwa karatasi, kumbe ndani kuna tabaka nyembamba nyembamba zinapitisha maji kwa kasi ambayo hakuna aliyeipangia, wao wenyewe wakaziita super-K, na kwa visima vingine maji yakatokea mapema sana huku mafuta yamebaki juu na chini ya hizo tabaka yanaangalia tu.

Hizo tabaka mtu angeziona vipi kabla? Hapo ndo penye kazi.

Kitu cha kwanza wanafanya ni mitetemo. Gari zito linatikisa ardhi, au baharini meli inapiga hewa majini, sauti inashuka, inagonga miamba, mwangwi unarudi na unarekodiwa na mamia au maelfu ya masikio yaliyotandazwa juu. Komputa inaunganisha unapata picha. Hiyo ndo watu wanaita eti kupiga eksirei ardhi, mimi hilo neno silipendi kwa sababu eksirei inakuonyesha mfupa na hii inakuonyesha mahali sauti imebadilika mwendo. Kwa chokaa sauti inakimbia sana, inaweza kufika mita 5,000 kwa sekunde. Fanyeni hesabu na mimi: kama mitetemo ni 40 kwa sekunde, wimbi moja lina urefu wa mita 125, na sheria ya kawaida ni kwamba kitu chembamba kuliko robo ya wimbi huwezi kukitenganisha vizuri na jirani yake. Robo ni mita 31. Hiyo ni jengo la orofa kumi. Tabaka la super-K linaweza kuwa la mita moja au mbili. Kwa hiyo picha nzuri ya rangi mnayoiona kwa ripoti za kampuni, nyekundu, kijani, samawati, ndani ya kila mstari kuna orofa kumi ambazo zinaweza kuwa na chochote.

Basi lazima utoboe. Ukitoboa unashusha vyombo kwa waya, kazi iliyoanza na akina Schlumberger kule Pechelbronn, Ufaransa, Septemba 1927, walipopima umeme wa miamba ndani ya kisima kwa mara ya kwanza. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, mafuta hayapitishi, kwa hiyo ukiona umeme unakataa unashuku mafuta. Mwaka 1942 mhandisi mmoja anaitwa Archie akatoa fomula ya kugeuza hiyo kuwa kiasi cha maji na kiasi cha mafuta, na mpaka leo inatumika. Tatizo ni kwamba aliijenga kwa mchanga. Kwa chokaa yenye vishimo vilivyofungiwa peke yake, umeme haupiti vizuri hata kama hivyo vishimo vimejaa maji matupu, na ukitumia namba za kawaida fomula inakuambia hayo ni mafuta. Kwa chokaa yenye nyufa inageuka upande wa pili, umeme unapita kwa ufa fasta na wewe unadhani kuna maji mengi kuliko yaliyopo. Yaani chombo ni kimoja, kisima ni kimoja, kinakudanganya kwenda juu na kushuka chini, inategemea uko kwa jiwe gani. Ndo maana wanaongeza vyombo vingine, kuna kile cha sumaku kinachopima ukubwa wa vitundu, na kuna kile kinachopiga picha ukuta wa kisima chote kuzunguka mpaka unaona nyufa zimelala upande gani. Hicho cha picha mimi nakiheshimu sana.

Alafu kuna kori, kipande cha jiwe lenyewe kinakatwa na kuletwa juu mzima. Hicho hakidanganyi lakini ni kidogo, kina upana wa kiganja tu. Na kwa chokaa mbovu, pale penye mapango na nyufa, yaani pale pazuri kabisa kwa mafuta, kori inavunjika haifiki juu, kwa hiyo unabaki na sampuli ya yale mawe magumu yasiyo na faida na zile za maana zimepotelea huko. Jamaa mmoja wa rigi alikuwa anasema jiwe lililokataa kuja juu ndo lilikuwa linataka kukuambia kitu. Na ni kweli, hata sisi kwa mvuke tunajua, matope ya rigi, yale tunasukuma kisimani tukichimba, yakianza kupotea chini hayarudi, au biti ikidondoka ghafla bila kukata, umeingia kwa nafasi. Mchimbaji analaani, mjiolojia anaandika kwa daftari anatabasamu.

Na kingine ambacho kinasahaulika ni kufunga kisima na kuangalia presha. Unakiacha kitiririke, unakifunga, unahesabu presha inarudi vipi, na jinsi inavyorudi inakuambia mambo ya mamia ya mita kutoka pale ulipo, kama kuna ukuta, kama kuna nyufa zinazolisha jiwe. Kisima chenyewe kina upana wa kama sentimita 20. Weka hiyo kwa eneo la kilomita za mraba mia mbili na visima sita, uniambie umeona asilimia ngapi ya jiwe. Kwa hivyo kati ya kisima na kisima wanajaza kwa komputa, na hawajengi ramani moja, wanajenga mamia, zote zinakubaliana na kila kilichopimwa na zote ni tofauti. Kwenye hizo mamia ndo zinatoka zile namba tatu. Ile ya chini inasema tuna uhakika mkubwa angalau hiki kipo, ya katikati ni nusu kwa nusu, ya juu ni bahati. Mhariri, ukitupa zile mbili ukabaki na moja umetupa ramani zote.

Historia imejaa watu waliochezewa na jiwe namna hii. Kampuni ya Imperial Oil ilichimba visima 133 vikavu kule magharibi mwa Kanada kabla ya kisima cha Leduc nambari 1, Alberta, kutoa mafuta Februari 1947, na yalikuwa yamekaa kwa mwamba wa kale wa baharini, ambao juu yake leo ni mashamba ya ngano, hakuna bahari karibu. Meksiko ilianza kinyume, mvuvi aitwaye Rudesindo Cantarell aliona mafuta yanaelea baharini akaenda kusema, na 1976 ikagunduliwa hifadhi iliyopewa jina lake. Jiwe lake ni kifusi cha chokaa kilichovunjwavunjwa, na wataalamu wengi wanakihusisha na kile kimondo kilichogonga Chicxulub miaka milioni 66 iliyopita, kile kile cha dinosaria. Kwa sababu ya kuvunjika vile ilikuwa inatiririka kwa nguvu ajabu, mwaka 2004 ilikuwa inatoa zaidi ya mapipa milioni mbili kwa siku. Alafu ikaanguka, na kwa chini ya miaka kumi ikawa haifikishi hata robo ya hiyo. Nchi ilikuwa imeshapanga bajeti.

Na kuna shida ya ziada ambayo hata ukiwa na ramani nzuri inakungoja: mafuta mara nyingi yanapenda kung'ang'ania ukuta wa chokaa. Unasukuma maji, maji yanapita katikati ya nyufa yanatoka upande ule safi, mafuta yamebaki yameganda kwa kuta. Kwa hiyo namba ya yaliyopo na namba ya yatakayotoka kwa chokaa zinaweza kuachana kuliko hata hiyo moja ya tano ya Turkana.

Kenya chokaa ya mafuta tunayo? Hapa ndo nataka maripota wenu wakae macho. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird 1 kilichimbwa nje ya Pwani yetu, bahari ya kina cha zaidi ya mita 700, na kililenga mwamba wa matumbawe wa kale uliozikwa chini ya sakafu ya bahari. Kilikuta gesi na chini yake mafuta kidogo, mara ya kwanza mafuta kuonekana baharini pwani yote ya Afrika Mashariki. Hayakuwa ya kutosha biashara. Stori ikapita haraka, watu wengi nikiwaambia wananiona mwongo. Siku kampuni ingine itarudi kule, na ikitaja mwamba wa matumbawe kwa tangazo lake, kila kitu nimeandika hapa kitakuwa habari yenu ya ukurasa wa kwanza na namba itakuja moja, kubwa, imekolezwa wino.

Ndugu zetu wa Kisumu nao walionjeshwa. Kitalu 12B cha upande wa Nyanza, Tullow na Swala Energy walipima mitetemo na maneno yakajaa mitaani kwamba Kano iko na mafuta. Kule hata si chokaa ni mashapo ya bonde, na mitetemo peke yake haithibitishi kwamba kuna mafuta, inaonyesha umbo la mahali yanapoweza kukaa. Lakini ilitosha watu waanze kuulizana bei ya shamba.

Kwa hivyo ombi langu ni hili na si kubwa. Mkipewa taarifa ya kampuni au ya wizara, ripota aulize ni jiwe gani, visima vingapi vimetobolewa na kori zimetolewa kwa vingapi. Aulize kama hiyo namba ni ya yaliyomo ama ya yatakayotoka. Na aandike zote tatu, ya chini, ya kati, ya juu, kwa sentensi moja, haitamaliza nafasi ya tangazo lolote. Kampuni zilizo kwa soko la hisa huwa nazo, mara nyingi ziko ukurasa wa nyuma wa hiyo hiyo taarifa mnayonakili. Wakikataa kuwapa, andikeni wamekataa. Magavana nao wanakaa kwa meza kugawana asilimia za mapato ambayo hesabu yake imeanzia kwa hii namba ya katikati, sijui kama kuna mmoja ashawahi kuuliza ya chini ni ngapi.

Na lile ziwa jeusi kwa mchoro, tafadhali liondoeni. Wekeni picha ya jiwe tu, hata la Bamburi, lenye vishimo vyake. Kama ripota wenu wa biashara anataka kuonyeshwa karatasi ya vipimo vya kisima inasomwaje, mimi niko hapa Nakuru wiki nyingi, nitampa chai na tutaisoma pole pole.

Mchimbaji,
Kiamunyi, Nakuru